Fuata Waya Mpaka Mwisho: Umeme na Ubaridi wa Seva Yako Bujumbura

Kabla hujasoma zaidi, zunguka nyuma ya seva yako. Kama ni seva ya kazi, si kompyuta ya mezani iliyopewa cheo, utaona pawasaplai mbili, kila moja na taa yake ndogo ya kijani na waya wake mweusi. Shika waya wa kwanza kwa mkono na uufuate: mpaka kwenye plagi, kutoka kwenye plagi mpaka kwenye UPS, kutoka kwenye UPS mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka kwenye breka. Rudi, ufuate wa pili. Katika ofisi nyingi, ziwe za Rohero au za Ngagara, nyaya hizo hazifiki mbali kabla ya kukutana: zote mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyolala chini ya meza. Mwenye seva amelipia pawasaplai mbili, na seva yenyewe inamwambia kwamba mambo ni salama, kumbe anayo njia moja tu ya umeme.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetunza seva moja, mbili au raki nzima mjini hapa, iwe ya zahanati, ya shule, ya chama cha akiba na mikopo au ya redio. Wauzaji hutuuzia usalama kwa kuhesabu vifaa: pawasaplai mbili, feni sita, UPS mbili, viyoyozi viwili. Mimi nakuomba uhesabu njia. Vifaa viwili vinavyoweza kuzimwa na sababu moja, siku moja, vihesabu kuwa kimoja.

Wala usidhani haya ni matatizo ya wasio na fedha. Tarehe 8 Agosti 2016 shirika la ndege la Delta la Marekani lilipata hitilafu ya umeme katika kituo chake cha data mjini Atlanta. Umeme wa akiba ulikuwepo. Lakini kati ya vifaa 7,000 hivi vya kituo hicho, takriban 300 vilikuwa havijaunganishwa ipasavyo na umeme huo wa akiba. Hivyo 300 vilipozima, mifumo mingine ilikwama pamoja navyo, na safari zaidi ya 2,000 zikafutwa ndani ya siku tatu. Vifaa vilikuwa vimenunuliwa. Kazi ya kufuata nyaya moja moja ndiyo iliyokuwa haijafanywa.

Umeme unaoingia

Umeme wa Bujumbura kwa sehemu kubwa ni wa maji. REGIDESO, shirika la taifa la umeme na maji, huupata kutoka mabwawa ya ndani kama Rwegura, megawati 18 tangu 1986, na Mugere. Kutoka mto Rusizi kupitia Ruzizi II, mtambo wa pamoja wa Burundi, Rwanda na Kongo. Na siku hizi kutoka Rusumo, ambako megawati 80 hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Huko Mubuga, mkoani Gitega, kuna megawati 7.5 za jua tangu 2021. Nakutajia mitambo hii kwa sababu inaamua nini kinaitwa chanzo cha pili. Kiangazi kikikaza, kuanzia Juni hadi Septemba, maji ya mabwawa hupungua kwa pamoja, na upungufu hufika mji mzima kwa pamoja. Ukiomba laini ya pili kutoka transfoma nyingine, umejikinga na transfoma kuungua na nguzo kuanguka. Hujajikinga na mgao. Laini ya pili ni jambo jema kwa mwenye uwezo, ila usiihesabu kama chanzo kingine.

Kwa ofisi ya kawaida vyanzo vilivyo tofauti kweli ni vitatu: gridi, jenereta, na jua lenye betri. Jenereta ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi. Tangu 2022 kila mtu mjini anazijua foleni za mafuta, na anajua kwamba vituo vinaweza kukaa siku nyingi bila tone. Jenereta ambayo mazutu yake bado yako kituoni huwezi kuihesabu. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi: mji huu una mitambo ya umeme inayochoma mafuta, na mitambo hiyo hutegemea mafuta yaleyale yanayoagizwa kutoka nje. Uhaba mmoja wa mafuta unaweza kupunguza umeme wa gridi na kunyamazisha jenereta yako katika wiki moja. Hapo vyanzo viwili vina mzizi mmoja.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ofisi ya Bujumbura inayonunua leo ianze na jua kabla ya jenereta. Njia A iwe gridi kupitia UPS. Njia B iwe inverta ya jua yenye betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, ambazo huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko betri za risasi. Jenereta, kama ipo, iwe nyuma ya njia A.

Tufanye hesabu. Seva inayotumia wati 600 ikigawana mzigo sawasawa huchukua wati 300 kila upande. Gridi ikikatika na UPS ikaisha, njia B itabeba wati 600 zote. Betri ya kilowati-saa 5 ambayo huruhusu asilimia 80 tu itumike hukupa kilowati-saa 4. Toa kiasi kinachopotelea kwenye inverta, unabaki na kama saa sita. Saa sita zinavusha usiku wa mgao wa kawaida. Kwa siku mbili mfululizo za mawingu ya Aprili hazitoshi, na hapo ndipo jenereta yenye mazutu ndani ya tangi inastahili gharama yake.

Pawasaplai mbili, hesabu moja

Sasa turudi kwenye seva. Andika namba mbili: uwezo wa pawasaplai moja, na wati ambazo seva hutumia ikiwa imelemewa na kazi. Namba ya kwanza imeandikwa kwenye lebo. Ya pili utaipata kwenye kidhibiti cha ndani cha seva, yaani iDRAC kwa Dell au iLO kwa HPE, au kwa kuandika amri ya ipmitool sdr kwenye Linux. Isome wakati wa kazi nzito, kwa mfano usiku nakala za akiba zinapoandikwa. Usomaji wa asubuhi kabla watu hawajafika utakudanganya.

Namba ya pili ikizidi ya kwanza, huna akiba. Mfano: pawasaplai mbili za wati 800, na seva inayofika wati 950. Zikiwa hai zote mbili, kila moja inabeba 475 na hakuna anayelalamika. Moja ikifa, iliyobaki inadaiwa 950. Seva nzuri itapunguza kasi ya prosesa ili ijiokoe. Nyingine itazima papo hapo. Hali hii huzaliwa polepole: seva ilinunuliwa na diski nne, ikaongezwa nane, ikaongezwa memori, ikaongezwa kadi ya picha, na hakuna aliyerudi kupiga hesabu. Kila unapoongeza kitu ndani ya seva, rudi kwenye namba hizo mbili.

Angalia pia mpangilio wa kugawana mzigo. Seva nyingi huweza kuiweka pawasaplai moja usingizini ili kuokoa umeme, nyingine ikabeba kazi yote. Mahali penye umeme tulivu hilo halina shida. Kwa hapa napendelea zote mbili zibebe mzigo muda wote, kwa sababu pawasaplai iliyolala hukuficha kasoro yake mpaka siku unapoihitaji. Na ukiamua kulaza moja, hakikisha inayobeba kazi imechomekwa kwenye njia iliyo imara zaidi, si kwenye ile inayokatikakatika kila jioni.

Usichanganye pawasaplai za wati tofauti ndani ya seva moja, hata kama zinaingia vizuri kwenye nafasi yake. Seva nyingi huzikataa, au huzikubali na kuandika kwamba akiba imepotea, onyo ambalo hukaa kwenye kumbukumbu ya seva miezi bila mtu kulisoma.

Swichi ya mtandao, ruta na kisanduku kidogo cha faiba mara nyingi vina waya mmoja tu wa umeme. Hapo ndipo kazi nzuri huharibika: seva ina njia mbili safi, umeme wa njia A unakatika, seva inaendelea kufanya kazi kama kawaida, lakini swichi imezima na hakuna anayeifikia. Kwa vifaa vya waya mmoja nunua kibadilishi cha njia cha kuweka kwenye raki, chenye nyaya mbili za kuingiza umeme, kinachohama chenyewe kutoka A kwenda B. Kisha kiandike kwenye mchoro wako, maana chenyewe sasa ni kifaa kimoja kinachobebeshwa vingine vyote.

UPS, betri na ardhi

Kama una UPS mbili, kila moja lazima iweze kubeba mzigo wote peke yake. Kwa hiyo siku ya kawaida, kioo cha kila UPS kisionyeshe zaidi ya asilimia 40 hivi. Ukiona 60 kwenye zote mbili, umejenga mtego: moja ikifa, ya pili inafikishwa 120 na kuzima kwa kujilinda. Zote mbili zitakuwa zimezima ndani ya sekunde chache, na fundi atakuambia zimeharibika kwa pamoja kwa bahati mbaya.

Aina ya UPS ina uzito. Zile nafuu, zikienda kwenye betri, hutoa mkondo wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na pawasaplai za kisasa za seva zinaweza kuukataa. Soma maelezo kabla ya kulipa: uwe na uhakika ni wimbi laini. Muda wa kubadilika nao usome. Pawasaplai ya seva huweza kushikilia bila umeme kwa takriban milisekunde 10 hadi 20, na UPS nyingi za kati hubadilika ndani ya milisekunde 4 hadi 10. Nafasi hiyo ni ndogo, na huzidi kubana seva ikiwa imelemewa. UPS ya aina ya online, inayozalisha umeme upya muda wote, haina mwanya huo kabisa. Kwa njia A, inayokabili gridi ya REGIDESO moja kwa moja, hiyo ndiyo ninayoipendekeza.

Betri za risasi za ndani ya UPS huhesabiwa umri kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 8 hadi 10 zinapoongezeka, umri hupungua kwa nusu. Bujumbura mchana hufika nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na ndani ya kasha la UPS, lililosukumwa kwenye kona nyuma ya kabati, ni zaidi. Betri iliyoandikwa miaka mitano, ikikaa kwenye nyuzi 35, itegemee miaka miwili na nusu. Bandika karatasi yenye tarehe ya kufungwa mbele ya kila UPS, uandike na tarehe ya kubadilisha. Mbili zikinunuliwa pamoja zitachoka pamoja. Badilisha betri za moja mapema mwaka mmoja kabla ya nyingine, ili zisifikie ukingoni siku moja.

Radi nayo. Uchambuzi wa data za setilaiti za NASA uliotolewa mwaka 2016 uliitaja Kabare, upande wa Kongo karibu na Bukavu, kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote Afrika, na Bujumbura haiko mbali na hapo, upande wa kusini. Msukumo wa radi ukiingia kwenye bodi ya umeme, hauchagui kati ya A na B. Weka kinga ya msukumo kwenye bodi yenyewe, na mwite fundi apime waya wa ardhi kwa mita, badala ya kuridhika kwamba nguzo ya shaba inaonekana pale nje. Soketi zetu zina kipini cha ardhi, lakini plagi nyembamba ya pini mbili huingia humohumo bila kukigusa, na adapta nyingi za dukani haziunganishi ardhi. Seva isichomekwe kwenye adapta. Kama kuna kebo ya mtandao ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine, ibadilishe iwe faiba, kwa sababu radi hupitia humo pia.

Jenereta inayonguruma bure

Hili linawapata wengi. Umeme umekatika, jenereta imewaka, ofisi ina taa, lakini UPS inaendelea kulia na betri inashuka mpaka seva inazima huku jenereta ikinguruma nje. Sababu ni kwamba UPS ya aina ya online hupima umeme unaoingia. Jenereta ndogo inayoyumba, ikitoka hezi 50 kwenda 47 kisha 53 kila kompresa ya kiyoyozi inapoanza, inaonekana kwa UPS kama umeme mbovu, nayo inakataa. Fungua mipangilio ya UPS, tanua kiwango cha hezi inachokubali, na upunguze kasi ya kuchaji betri wakati wa jenereta kama mashine inaruhusu. Jenereta yenyewe iwe kubwa kuliko jumla ya mzigo, kwa sababu kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Iwashe chini ya mzigo wote kila mwezi. Kuiwasha dakika tano bila mzigo kunakuambia tu kwamba injini inawaka.

Usiiweke chini karibu na ziwa. Mvua za 2023 na 2024 zilipoinua maji ya Tanganyika, Gatumba na mitaa ya ufukweni ilifikiwa na maji mpaka ndani ya nyumba. Betri na jenereta ni vizito, na kila mtu hutaka viwe ghorofa ya chini. Kwa Kajaga, Kibenga au mahali popote pa aina hiyo, vipandishe juu ya jukwaa la zege au uvihamishe.

Joto

Ubaridi ndio nusu iliyosahaulika. Watu hununua saa nne za betri, kisha hawajiulizi kiyoyozi kitapata wapi umeme katika saa hizo nne. Kiyoyozi hakiwekwi kwenye UPS. Kompresa yake ingeimaliza. Basi umeme ukikatika, seva inaendelea kutoa joto na hakuna kinacholiondoa.

Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, dari mita 2.7. Hewa iliyomo haifiki kilo 30. Weka ndani raki ya kilowati 3. Kila wati inayoingia kwenye seva hutoka kama joto, kwa hiyo ni kana kwamba umewasha hita ya kilowati 3 ndani ya kabati. Kama kuta zisingenyonya chochote, hewa hiyo ingepanda nyuzi 10 ndani ya dakika mbili hivi. Kuta na vyuma huchelewesha, lakini unazungumzia dakika, si saa. Betri ya saa nne kwenye chumba cha namna hiyo inachofanya ni kuhakikisha seva inaendelea kufanya kazi mpaka ijizime kwa joto.

Kwa hiyo anza na hesabu ya joto. Wati moja ni BTU 3.41 kwa saa. Kilowati 3 zinahitaji zaidi ya BTU 10,000, na hapo bado jua la mchana kwenye ukuta wa magharibi halijahesabiwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinafika kwa shida. Chukua cha 18,000, kisha chukua cha pili kama hicho. Kila kimoja kibebe chumba chote peke yake, kila kimoja kiwe kwenye breka yake, na vipishane kila wiki ili kisizeeke kimoja kikiwa kimelala. Kimoja kifungwe upande wa gridi, kingine kwenye upande ambao jenereta au inverta inaulisha.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji swali hili: umeme ukikatika na kurudi, kinawaka chenyewe? Viyoyozi kadhaa vya nyumbani hubaki vimezima mpaka mtu abonyeze rimoti. Umeme ukikatika saa tisa usiku kwa dakika kumi na kurudi, seva haikutikisika, lakini asubuhi unakuta chumba cha nyuzi 45. Kijaribu dukani, au chumbani siku ya kukifunga: zima breka, iwashe tena, subiri dakika chache. Kuchelewa kidogo kabla ya kompresa kuwaka ni jambo zuri, kunaikinga mota na umeme unaorudi kwa kishindo. Na kiyoyozi kisifungwe juu ya raki kamwe. Bomba la kutoa maji huziba kwa vumbi, na maji hutafuta njia ya chini.

Ndani ya seva, feni zimepangwa kwa akiba: moja ikifa, nyingine huongeza kasi na kuziba pengo. Hilo lina bei yake, kwa sababu umeme wa feni hupanda kwa mchemraba wa kasi. Ikizunguka mara mbili, hutumia karibu mara nane. Ukisikia seva ikilia kama king'ora mchana mzima, usiizoee. Ama feni imekufa au hewa inayoingia ni ya moto.

Na hapa nataka uniamini: usifungue kifuniko cha seva ili ipoe. Nimekuta hivyo mahali pengi, kifuniko kimeegemezwa ukutani na feni ya mezani imeelekezwa ndani, na mwenye kazi anaamini amesaidia. Seva imejengwa ili hewa iingie mbele, ipite kwenye diski, isukumwe na safu ya feni, ipenye kati ya mapezi ya prosesa na kutokea nyuma. Kifuniko ndicho ukuta wa juu wa njia hiyo. Ukikiondoa, hewa hutokea juu kabla ya kufika kwenye prosesa na memori, na feni zote za akiba zinasukuma hewa isiyokwenda popote. Ni hivyohivyo kwa nafasi tupu za diski na za pawasaplai: vizibo vya plastiki vilivyokuja navyo virudishwe. Nafasi tupu kwenye raki nazo zifunikwe, la sivyo hewa ya moto ya nyuma huzunguka na kuingia tena mbele. Ukitoa pawasaplai iliyokufa, usiiache nafasi wazi ukisubiri mpya. Iache ile mfu ndani, au weka kizibo.

ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa viyoyozi ya Marekani ambayo viwango vyake hufuatwa na watengenezaji wa seva, inapendekeza hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Seva nyingi za sasa zinaruhusiwa kufika 35. Kwetu hii ni habari njema: huhitaji chumba cha nyuzi 16 kinachokula umeme bure na kukufanya uvae koti. Weka 24 au 25, kisha upime mbele ya seva, si katikati ya chumba. Kwa wenye ofisi ya pili Gitega, kuna jambo la ziada. Kiwango hicho cha juu cha 35 hupungua nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 900, kwa sababu hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Bujumbura, kando ya ziwa, iko chini ya mpaka huo. Gitega, kwenye zaidi ya mita 1,500, inapoteza nyuzi 2, ingawa baridi yake ya asili inafidia.

Vumbi la kiangazi lina msimu wake. Safisha vichujio vya viyoyozi na matundu ya hewa ya mbele ya seva mwishoni mwa Juni na tena mwishoni mwa Agosti. Ziba matundu ya kebo ukutani, maana mijusi hupenda joto la UPS, na mmoja akigusa ncha mbili za umeme kwa pamoja anatosha kuichoma bodi.

Jaribu kwa kuchomoa

Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40. Hospitali za Guy's na St Thomas' za London zilikuwa na vituo viwili vya data. Vyote viwili vilishindwa kupoa siku hiyohiyo, na madaktari wakarudi kuandika kwenye karatasi. Kuirudisha mifumo yote kulichukua wiki kadhaa. Google na Oracle nao walipata matatizo ya ubaridi London siku hiyo. Vituo viwili, jua moja. Ukiweka viyoyozi vyako viwili nje kwenye ukuta mmoja unaopigwa na jua la saa tisa alasiri, umeweka sababu moja juu ya vyote viwili. Kimoja kiwe mashariki, au vyote vipate kivuli.

Ili kuzigundua sababu za namna hiyo mapema, chagua Jumamosi asubuhi ya majaribio, nakala za akiba zikiwa zimekamilika na wakubwa wakijua. Chomoa waya wa pawasaplai ya kwanza. Subiri dakika kumi, soma wati za iliyobaki, uone kama ujumbe wa onyo umefika kwenye simu yako. Rudisha, subiri itulie, chomoa ya pili. Kisha zima breka ya njia A nzima, si waya mmoja: hapo ndipo utagundua ruta iliyosahaulika. Kisha zima kiyoyozi kimoja, uangalie kipimajoto kwa nusu saa. Andika saa na namba kwenye daftari linalokaa chumbani humo. Umeme wenyewe utakufanyia majaribio haya bila kukuarifu. Afadhali uyafanye ukiwa umesimama hapo.

Panga pia jinsi ya kuzima kwa heshima. Programu ya NUT, ya bure, husoma UPS nyingi na kuamuru seva zijizime betri ikishuka. Ongeza kanuni ya joto: hewa ya mbele ikifika 32, ujumbe, ikifika 38, zima kwa utaratibu zile zisizo za lazima, kisha zilizobaki. Umeme ukirudi, mpangilio wa seva uiambie isubiri dakika kadhaa kabla ya kuwaka, na kila seva isubiri muda wake, ili raki nzima isiivute laini kwa pamoja huku gridi ikiwa bado inayumba.

Na kama fedha ni kidogo, huu ndio mpangilio wangu. Kwanza tenganisha nyaya mbili za seva uliyonayo leo. Haigharimu zaidi ya kebo na soketi. Pili, kipimajoto chenye ujumbe wa simu. Tatu, kiyoyozi cha pili kinachojiwasha chenyewe, kabla ya UPS ya pili, kwa sababu hapa joto huua vifaa vingi kuliko giza. Nne, njia B ya jua. Kisha nunua pawasaplai moja ya ziada na feni moja ya ziada, za namba ileile iliyo kwenye lebo, ukae nazo kabatini. Fedha za kigeni zikiwa adimu, kipuri cha kutoka Nairobi au Dubai hakiji kwa wiki unayoitaka, na kila siku seva inapotembea kwa pawasaplai moja, haina akiba yoyote, hata kama mfumo wako bado unaonyesha kijani.